Ndege ya Mtumba: Nani Atapanda, Nani Atalipa?



Katika parokia zetu za pwani, tangu Somanga hadi Lindi mjini, linapitishwa wazo linalopendeza masikioni. Yasemwa kwamba kila familia ikitoa kidogo ilicho nacho, na wafadhili wa ng'ambo wakiongeza, tutaweza kununua ndege ndogo ya injini moja, yenye viti sita, iliyokwisha kutumika kwingineko. Ndege hiyo itabeba wagonjwa wa Kilwa na visiwa vyake, na katikati ya safari za wagonjwa itawasaidia mapadre, masista na wageni wetu. Picha yake imekwisha kupita mkono kwa mkono baada ya Misa. Ni nyeupe, ina mstari mwekundu ubavuni, na nyuma yake jua linachomoza. Picha ya injini bado hatujaiona.

Sisi wa Haki na Amani twaupinga ununuzi huo. Twasema mapema ili msomaji asipoteze muda akitafuta msimamo wetu katikati ya mistari. Hatuoni kwamba ndege ni anasa ya wakubwa peke yao, wala hatuamini kwamba uhai wa mgonjwa wa Kilwa haustahili gharama. Hofu yetu ni kwamba ndege hii, kwa jinsi inavyopendekezwa, itanunuliwa kwa jina la mama mjamzito wa Songosongo na itaruka kwa ajili ya watu wengine.

KILIO CHENYEWE NI CHA HAKI

Asiwepo wa kudhani kwamba walioleta wazo hili wana nia mbaya. Wanaifahamu barabara ya kusini. Watu wazima miongoni mwetu wanakumbuka jinsi masika ilivyokuwa ikiifunga nchi hii kama mlango. Magari yalilala Ndundu yakingoja kivuko cha Mto Rufiji, na aliyeugua Kilwa alipona au alikufa kabla tope halijakauka. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikaja kukamilika miaka mingi baadaye. Tukadhani tumeokoka. Ndipo mwezi wa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikaikata barabara maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili za korongo. Kusini ikajikuta kisiwa tena.

Na visiwa vyenyewe je? Gesi ya Songosongo inapita katika bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004, inafua umeme na kuendesha viwanda. Kisiwani kuna kiwanja cha ndege kinachohudumia shughuli za gesi. Lakini mwanamke wa Songosongo akishikwa na uchungu usiku, na ikaonekana kwamba anahitaji hospitali ya wilaya, safari yake ni ya chombo cha baharini hadi bara, kwa rehema ya upepo na mafuta ya mashine, kisha atafutiwe gari la kumfikisha Kinyonga, Kilwa Kivinje. Huyu anazisikia ndege zikitua na kuruka juu ya paa lake. Hajawahi kuulizwa kama ana shida ya kusafiri.

Mtu aliyeyaona hayo akisema, "Basi na sisi tuwe na ndege yetu," hatuna haki ya kumcheka. Tuna wajibu wa kumwonyesha hesabu.

SIKU YA KUNUNUA NDIYO SIKU RAHISI

Aina inayotajwa sana ni Cessna 206, na waliyoichagua hawakukosea. Ni ndege ngumu, inatua katika viwanja vya changarawe na vya nyasi, na imefanya kazi Afrika nzima. Ilianza kutengenezwa katika mji wa Wichita, Marekani, miaka ya 1960, ikasimamishwa mwaka 1986, kisha ikaanza kutengenezwa upya mwaka 1998. Kwa hiyo ile ambayo mfuko wetu unaweza kuiota ni ya kabla ya mwaka 1986. Ina miaka arobaini hivi au zaidi, na bado huuzwa kwa zaidi ya dola laki moja za Marekani.

Umri peke yake si dosari kubwa. Ndege kuukuu iliyotunzwa vizuri yaweza kuwa salama kuliko mpya iliyoachwa juani. Lakini ndege haihesabiwi kama gari. Injini yake hupimwa kwa saa za kuruka, na mtengenezaji huweka kiwango ambacho kikifikiwa anashauri injini ifumuliwe yote na kufanywa upya. Kwa injini nyingi za Cessna 206 za zamani kiwango hicho ni saa 1,700 hivi. Sasa, ndugu wasomaji, mfanyabiashara mwenye akili huuza ndege yake lini? Aghalabu huiuza saa hizo zinapokaribia kwisha, ili gharama ya kufumua imwangukie mnunuzi.

Tuchukulie kwamba injini yetu imebakiza saa 400, na hapo tutakuwa tumepata bahati. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni kilometa 230 hivi, yaani saa moja kwenda na saa moja kurudi. Saa 400 ni safari 200. Tukipeleka wagonjwa wanne kwa juma, mmoja mmoja, mwaka hautatimia kabla injini haijadai kufumuliwa, na kazi hiyo hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Propela nayo ina hesabu yake. Upo ukaguzi wa kila saa 100 na ukaguzi wa kila mwaka, na wote hufanywa na fundi mwenye leseni ambaye Kilwa hayupo. Ama yeye aletwe, ama ndege impelekwe, na saa za kumfuata fundi nazo zinakula injini ile ile. Ipo bima. Upo mshahara wa rubani, ambaye akipata kampuni inayolipa vizuri zaidi hataulizwa kwa nini ameondoka.

Mchango wa kununua ndege hutolewa kwa ngoma na vigelegele. Mchango wa kufumua injini hauna ngoma. Nani atapita nyumba kwa nyumba Mingumbi, Miteja na Mavuji, mwaka mmoja baada ya sherehe, kuwaambia wakulima wa ufuta kwamba ndege yao imesimama na inadai fedha nyingine? Wahenga walisema rahisi ni ghali, nao hawakuwahi kuona ndege.

MALI BILA DAFTARI

Kila ndege husafiri na madaftari yake: la mwili wa ndege, la injini na la propela. Humo huandikwa kila saa iliyoruka, kila kifaa kilichobadilishwa, kila ajali na kila bawa lililonyooshwa. Ndege yenye daftari pungufu hupoteza thamani papo hapo, kwa sababu hakuna awezaye kuapa imepitia nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo kila mhasibu wa parokia anaijua, na hapa ina maana yake ya wazi kabisa.

Tumeuliza kama yupo aliyeyasoma madaftari ya ndege hii. Tumejibiwa kwamba wakala ni mtu mwaminifu. Tumeuliza kama mtengenezaji hakutoa maagizo ya ukaguzi wa nyongeza kwa ndege zake kuukuu, ukaguzi wa kutafuta nyufa na kutu ndani ya mbawa na katika viungio, na kama ukaguzi huo umefanyika. Maagizo hayo yapo, yanajulikana na kila fundi wa Cessna. Jibu bado tunalingoja. Mtu akinunua ng'ombe mnadani humfungua mdomo akatazama meno. Sisi twaombwa kununua chombo cha kubeba roho za watu kwa kuangalia picha.

Wala suala la mawakala si la kupuuzwa katika nchi hii. Tanzania iliwahi kufunga mkataba wa kununua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa paundi milioni 28. Wengi walipiga kelele wakati ule, hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, kwamba ilikuwa ghali mno kwa nchi maskini. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu biashara hiyo, na hatimaye paundi milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule za Watanzania. Serikali yenye wanasheria wake na wataalamu wake ilifikishwa hapo. Kamati ya watu saba yenye daftari moja la risiti itajikinga kwa nini?

CHUMVI, JOTO NA NDEGE YA MWAKA 1914

Pwani yetu ilikwisha kumwonja mtu aliyekuja na ndege moja iliyochakaa. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mikoko ya delta ya Rufiji, kaskazini tu ya Kilwa. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakachukua huko Durban ndege ya raia, Curtiss ya injini moja ya kutua majini, pamoja na rubani wake Dennis Cutler, wakaileta kwa meli hadi kisiwa kidogo cha Nyororo karibu na Mafia. Rejeta yake ilivuja. Ilibidi itafutwe rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa ndipo ndege iweze kuruka tena. Cutler aliiona manowari, hilo halikataliki. Lakini mwezi wa Desemba injini ilimshinda, akashuka katika delta, akatekwa.

Mwaka uliofuata zililetwa ndege nyingine, za Sopwith, na joto la pwani likazishinda. Zilikataa kupanda angani na mzigo uliotarajiwa. Königsberg haikuangamizwa mpaka tarehe 11 Julai 1915, baada ya kuletwa ndege za aina nyingine pamoja na mafundi, kiwanja cha Mafia na ghala la vipuri. Himaya iliyotawala bahari zote ilitambua kwamba ndege moja ya mtumba haitoshi hata kwa kupeleleza.

Sheria ya joto haijabadilika tangu siku hizo. Hewa ya moto ni nyepesi, bawa hupata cha kushika kidogo, na injini hupungukiwa nguvu. Mzigo ambao Cessna 206 yaweza kuubeba, mafuta, rubani na watu pamoja, ni kilo mia sita hivi inapokuwa katika hali nzuri. Mchana wa Januari, katika kiwanja kifupi, rubani mwenye busara atapunguza. Viti sita vya kwenye picha vitakuwa vinne, na kama mgonjwa amelala kwenye machela itabidi viti ving'olewe. Atabaki mgonjwa, muuguzi na ndugu mmoja.

Na chumvi. Mwenye bati pwani anajua chumvi inavyofanya kazi yake, pole pole, usiku na mchana, bila kulipwa. Ndege ya alumini ikikaa Kilwa Masoko bila banda lililofungwa na bila kuoshwa kwa maji matamu, kutu yake itaanza mahali macho hayafiki. Katika mapendekezo tuliyosoma, banda halikutajwa.

USIKU, TUFANI NA PIPA LA MAFUTA

Sasa tuingie katika jambo ambalo kwetu ni zito kuliko fedha.

Wagonjwa wetu wanahitaji kusafirishwa lini? Mama anayetokwa damu haangalii saa. Mtoto mwenye malaria kali mara nyingi huzidiwa usiku. Ndege ya injini moja ya aina hii, ikiruka kutoka kiwanja kisicho na taa, ni ndege ya mchana. Jua likizama, imelala. Mama aliyeanza kutokwa damu saa mbili usiku atangoja hadi alfajiri, na wauguzi wanajua kwamba wengi hawangoji hadi alfajiri.

Watasema kwamba basi itusaidie barabara inapokatika. Tukumbuke barabara ilikatwa na nini. Ilikatwa na tufani. Wingu lililoibomoa Somanga ndilo hilo hilo lingeizuia ndege kuruka, kwa kuwa rubani wa ndege ndogo ni lazima aone anakokwenda, na uwanja uliojaa maji haupokei magurudumu. Ndege ingengoja anga lifunguke. Chombo cha baharini nacho kingengoja bahari itulie. Hapo vyote viwili vimetoshana.

Kisha mafuta. Injini hizi za zamani hazitumii mafuta ya taa ya ndege yanayotumiwa na ndege kubwa. Zinataka petroli maalumu ya ndege, yenye rangi ya buluu, ambayo haiuzwi katika vituo vya barabarani, na kwa viwanja vidogo kama vyetu hupelekwa kwa mapipa. Ndege hunywa kama lita 60 kwa saa. Safari moja ya Dar es Salaam, kwenda na kurudi, ni lita 120, kwa hiyo pipa la lita 200 halimalizi safari mbili. Na mapipa hayo yatafikaje Kilwa Masoko? Kwa lori, kwa barabara ya kusini, kwa kupita Somanga. Yaani chombo cha kutuokoa barabara inapokatika kitakunywa mafuta yanayoletwa na barabara hiyo hiyo! Waliopiga hesabu ya ununuzi hawakuipiga hii.

NANI ATAPANDA

Ndege isiyoruka inakula fedha karibu sawa na inayoruka. Bima haijui kama imelala, chumvi haijui, rubani anataka mshahara wake mwisho wa mwezi. Kamati itabanwa. Mtu mmoja mwenye akili za biashara atainuka katika kikao na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba ndege ikodishwe kidogo ili ijilipie. Wapo watalii wa Mafia na wa magofu ya Kilwa Kisiwani. Wapo waheshimiwa wenye mikutano Dar es Salaam. Wapo wawindaji na wafanyabiashara.

Hapo kwanza sheria itatushika shingo. Ndege iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Anayetaka biashara hiyo ni lazima apate cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, naye athibitishe kwamba ana wasimamizi, taratibu za maandishi na matengenezo ya kuaminika. Kuita nauli "mchango wa mafuta" ni ujanja, na ajali ikitokea bima itakuwa ya kwanza kuuona ujanja huo.

Lakini tuseme cheti kimepatikana. Asubuhi moja ndege iko kiwanjani. Upande mmoja yuko mvuvi wa Songosongo aliyepasuka kibofu, hana senti. Upande mwingine kuna familia ya wageni iliyokwisha kulipia kwa dola, na fedha hiyo ndiyo inayongojwa ili kulipa deni la fundi. Twaombeni kila mmoja ajibu moyoni ni nani ataondoka saa tatu, na ni nani ataambiwa angoje ya mchana. Hatusemi kwamba watu wa kamati watakuwa wabaya. Deni litawaamulia. Mjane wa Njinjo aliyetoa shilingi elfu mbili atakuwa amemnunulia mtalii nafasi ya kukaa dirishani.

Na jirani zetu Waislamu, ambao pwani hii ndio wengi, na ambao ndio wengi pia katika wodi za Kinyonga, wataombwa nao wachange? Wakichanga, watakuwa na kiti katika kamati? Hili halikuandikwa popote. Chombo cha huduma ya wote kinachoongozwa na wachache huzaa manung'uniko hata kabla hakijaruka.

WANAOFANYA VIZURI

Yawapasa watetezi wa ndege watuambie, nao wametuambia: mbona wengine wameweza? Ni kweli wameweza. Madaktari wanaoruka wa AMREF walianza mwaka 1957 kwa ndege ndogo, na huduma yao imeokoa watu wengi Afrika Mashariki. MAF imerusha ndege za Cessna nchini Tanzania kwa miaka mingi. Huko Arusha, Flying Medical Service imekwenda kwa Cessna za injini moja hadi vijiji vya Wamaasai ambako gari lingechukua siku nzima. Tunawaheshimu.

Tazameni lakini wanavyofanya kazi. Wana ndege zaidi ya moja, ili moja ikiwa kwa fundi nyingine iruke. Wana mafundi wao, karakana zao, ghala la vipuri na akiba ya mafuta. Wana marubani wanaobadilishana. Wana watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta fedha za kuziendesha. Na AMREF, kadiri ilivyokua, imejipatia ndege kubwa zaidi na zenye nguvu zaidi kwa wagonjwa mahututi. Alichotuonyesha jirani ni shamba lenye trekta, mafundi na ghala. Tunachotaka kununua sisi ni gurudumu.

Kama kweli yupo mgonjwa ambaye hana njia nyingine isipokuwa anga, na wapo, iwekwe akiba ya kulipia safari kwa wale wenye ndege tayari. Flying Doctors wana hata mpango wa uanachama wa mwaka. Tukikodi tutalipia saa tuliyoruka, na siku tusiyoruka hatudaiwi na mtu.

FEDHA HIZO ZINGEFANYA NINI

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 kwa jahazi. Bahari ilikuwa barabara ya watu hawa kabla ya Somanga kuwa na jina, na wajuzi wake wapo hadi leo. Boti ya fiberi yenye mashine mbili, paa, machela na jaketi za kuokolea kwa kila mtu, ikae Songosongo na nahodha anayeijua njia ya mkondo usiku. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya ndege. Mashine moja ikizimika nyingine itamfikisha mgonjwa pwani, jambo ambalo injini moja angani haliwezi kuahidi. Fundi wa mashine za boti yuko Kivinje, yuko Masoko, na vipuri anavijua kwa kupapasa gizani.

Kuna pia mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga akipatwa na dharura, hupigwa simu namba 115 bila malipo, na kituo humtafutia gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Ni mpango usio na picha ya kupendeza. Hauna mstari mwekundu ubavuni. Lakini unafanya kazi saa nane za usiku, na dereva wake ni kijana wa hapa hapa. Ni parokia ngapi zimeitangaza namba hiyo mwisho wa Misa? Ni jumuiya ngapi zinawajua madereva waliosajiliwa katika kijiji chao, na ni vijiji gani havina hata mmoja? Kazi hii haihitaji mfadhili.

Karibu na Kinyonga ijengwe, au ile iliyopo iongezwe vitanda, nyumba ya wajawazito wa mbali kungojea siku zao, ili wa visiwani na wa Nanjirinji wasianze safari uchungu ukiwa umekwisha kuwashika. Hospitali ya Nyangao na ile ya Ndanda, ambazo wamonaki na masista walizijenga bila kelele, ziulizwe zinahitaji nini ili damu isikosekane na chumba cha upasuaji kisizimike. Mgonjwa anayetibiwa Nyangao hahitaji kurushwa Dar es Salaam.

Na lipo la serikali. Gesi inatoka Kilwa, na halmashauri ya wilaya inapokea ushuru wa huduma kutokana nayo. Wananchi wana haki ya kusomewa kwenye mbao za matangazo ni kiasi gani kimeingia na ni sehemu gani imekwenda kwenye afya. Wana haki ya kudai makalvati ya Somanga yajengwe kwa kipimo cha mvua za leo. Tukinunua ndege kwa michango ya waumini, tutakuwa tumewapunguzia wahusika mzigo ambao sheria imewatwika, na ofisa mmoja atapata usemi mzuri wa kujibia bungeni: kwamba wananchi wa Kilwa sasa wana ndege yao.

TUNAYOYATAKA

Halmashauri za walei zitakapokutana, viongozi wetu wasikubali kupiga kura juu ya picha. Wadai kuona nakala ya madaftari yote matatu, na taarifa ya fundi mwenye leseni aliyelipwa na sisi, asiye rafiki wa muuzaji. Wadai jina la atakayeandikwa kuwa mmiliki katika usajili, kwa sababu ndege iliyoandikwa kwa jina la mtu ni ya mtu huyo hata kama ilinunuliwa na wajane. Wadai bajeti ya miaka mitano ya mafuta, bima, rubani, banda na kufumua injini, na saini ya atakayelipa pengo. Waulize wakala analipwa kiasi gani na nani. Waulize ni mgonjwa gani, kati ya waliofariki mwaka uliopita katika parokia zao, ambaye ndege hii ingemfikia mchana, katika hali nzuri ya hewa, ikiwa na mafuta. Wahesabu majina, wayaandike.

Majibu hayo yakikosekana, kadi za michango zilizokwisha kugawiwa zikusanywe na kuhesabiwa namba kwa namba. Fedha iliyokwisha kutolewa itangazwe katika kila kigango, shilingi kwa shilingi, na kila aliyetoa aulizwe kama anataka arudishiwe au iwekwe katika mfuko wa boti ya Songosongo.